Majina Yalitoka Kwetu

Atija mwanangu,

Salamu za mdomo tumeshapeana asubuhi hii ulipopanda chapa, gari la abiria, kwenda Olumbi kumuaga shangazi yako, kwa hiyo hapa sizirudii. Nyumba iko kimya. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kapulana kwa sababu kufuli lake limekufa, na kila nikipita naona kama kuna mgeni amekaa pale ananitazama. Nina muda mpaka alasiri utakaporudi. Kesho alfajiri gari la Pemba litakuchukua, na kutoka Pemba utapanda ndege kwenda Maputo. Nisipoandika leo sitaandika tena, najijua.

Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Miaka miwili umeishi Pemba kwa mama yako mdogo ukisoma chuo, na kila likizo ulirudi mzima, umenenepa. Ninachotaka kukuandikia ni kazi unayokwenda kuifanya, na kaka yako Amadi. Wewe unayaona kuwa mambo mawili. Ni jambo moja, na aliyebaki anayejua hivyo ni mimi tu.

Siku barua ya bolsa, ya kukulipia masomo, ilipofika ulinisomea barazani mara mbili, kwanza kwa Kireno, kisha ukinitafsiria. Kireno cha barua nakielewa, nilisoma mpaka darasa la saba, lakini nilikuacha utafsiri kwa sababu nilipenda kukusikia. Ulisema chuo hicho kina kituo kinachochunguza jinsi dini inavyokaa katikati ya mambo ya watu wote, serikalini, shuleni, sokoni, vitani. Kila mwaka wanachagua wanafunzi wachache ambao bado hawajamaliza shahada, wa dini hii na ile na wasio na dini, wanakaa meza moja kila wiki wakisoma na kubishana, na kila mmoja anafanya utafiti wake mpaka mwisho wa mwaka ausome mbele za watu. Nikakuuliza, "Na hapo mezani watakulisha?" Ukacheka. "Baba, mezani ni kuzungumza." Nikasema, "Basi beba muhogo." Ulicheka mpaka jirani akachungulia.

Halafu ukasoma maneno ya profesa atakayewasimamia. Aliandika kwamba katika maombi yote aliyoyasoma, sentensi moja ilimfanya asimame, ile ya mzee wa kijijini aliyeulizwa orodha ya vijana wa msikiti iliandikwa na nani, akajibu, "Ilitoka juu." Akasema maneno hayo mawili yanafaa kuwa kichwa cha utafiti wako. Ukaniinamia ukanibusu mkono. "Baba, umenipeleka Maputo wewe!"

Mkono ulioubusu ndio ulioandika orodha ile.

Nimesimama kidogo baada ya kuandika sentensi hiyo. Nimekwenda mpaka kwenye mtungi, nimekunywa maji, nimerudi. Bado iko hapo kwenye karatasi, kwa hiyo nitaendelea.

Unakumbuka ulivyonirekodi likizo iliyopita. Uliegemeza simu kwenye kikombe cha chai, ukakaa wima kama mtu wa redio. Ukaniuliza habari za vijana waliojitenga, walivyoanza, walisema nini. Nikakujibu vizuri, na yale yote ni kweli. Ni kweli walianza kwa kuuliza maswali ambayo sisi wakubwa hatukuwa na subira nayo. Ni kweli walisema hitima ni uzushi, maulidi ni uzushi, shule ya serikali ni haramu na kitambulisho ni haramu. Ni kweli waliingia msikitini na viatu na kusimama mbele yetu ili tuwaone. Kisha ukauliza, "Na ile orodha, Baba? Nani aliiandika?" Nikasema, "Ilitoka juu." Ukasema, "Juu wapi? Juu kuna mbingu tu." Nikasema, "Serikalini, mwanangu," nikajifanya kumfukuza kuku.

Kuku hakuwepo. Ukisikiliza tena utasikia hakuna kuku.

Ombi lilitoka juu. Hilo ni kweli. Shefe wa kijiji alikuja Ijumaa baada ya sala, akasema mjini wanataka majina ya wanaosali kando. Lakini majina hayakutoka juu. Mjini hawakumjua mtu hata mmoja hapa. Majina yalitoka kwetu, kwenye mkeka wa msikiti wetu, kutoka vinywa vya wanakamati, na kuingia kwenye kaderno yangu, daftari la msikiti, kwa sababu katibu nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeandika wagonjwa wa kuombewa dua, waliokufa wa kusomewa, na ndoa. Hata nilipopewa kazi hii kalamu ilitembea kama ilivyozoea.

Mwenyekiti alikuwa akitaja, mimi nikiandika. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hao sitawatetea. Wawili kati yao walirudi miaka iliyofuata na mapanga, na kuna watu hapa waliowaona kwa macho yao wakiwasha moto kwenye nyumba walimokula wali utotoni. Usije ukaandika huko kwamba tulikuwa wazee wajinga walioogopa watoto. Tulikuwa na sababu ya kuogopa. Ndiyo maana jambo hili halinitoki. Ingekuwa orodha yote ni ya uongo ningeitupa ikaisha. Ilikuwa ya kweli, isipokuwa jina moja lililoingia na jina moja lililokosekana.

Mtu wa safu ya nyuma akasema, "Na yule wa Selemani? Naye siku hizi anaingia na kiatu."

Selemani mwenyewe hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Mtwara kununua vitambaa vya kushonea. Wa Selemani ni Bakari, rafiki wa kaka yako tangu watambae. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nadhani unamkumbuka, ndiye aliyekutengenezea ile redio ya kopo. Yeye na Amadi walipokuwa wadogo, kila Ijumaa walikaa nje ya msikiti wakati sisi tukisali, wakavigeuza viatu vya wazee vyote vitazame njia, ili mtu akitoka avae bila kuinama. Hakuna aliyewatuma. Walishindana nani atavijua viatu vya nani.

Sasa sikiliza habari ya kiatu cha Bakari. Siku chache kabla ya Ijumaa ile alikuwa amechomwa mguuni na mwiba wa samaki taa. Kidonda kilivimba, kikatoa usaha. Alikuja msikitini akichechemea, akataka kukaa nje asichafue mkeka. Mimi ndiye niliyemkuta mlangoni. Nikamwambia, "Kioshe kiatu chako cha raba, funga kitambaa vizuri, kivae uingie, kaa safu ya mwisho. Mungu anauona mguu wako." Akaenda akakiosha kisimani, akarudi. Kiatu kile nilikiruhusu mimi, na aliyejua kwa nini amekivaa, katika mkutano ule, nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifungua mdomo niseme hivyo. Hapo mtu mwingine akasema, kwa utani lakini si utani, "Na wa Katibu je? Si hakula hitima ya bibi yake?"

Ni kweli pia. Unakumbuka hitima ile, wewe ulikula sahani ya Amadi na yako. Nilimwambia Amadi, "Bibi yako atakasirika." Akasema, "Bibi amekufa, Baba. Maiti haihitaji wali." Mama yako, Mungu amrehemu, akamjibu kutoka jikoni, "Na wewe uliye hai huhitaji? Haya, mpe Atija." Watu wakacheka, tukayaacha hapo. Lakini mimi nilijua zaidi ya wali. Kwa wiki kadhaa alikuwa akienda kusali na wale vijana kule kwenye banda la minazi. Nilimfuata siku moja nikamwona kwa mbali. Sikumwambia, sikumkataza, nilisubiri apoe. Na kweli alikuwa ameanza kupoa. Alisema wanapiga kelele mno.

Basi kwenye mkeka pale wote waliniangalia. Mwenyekiti akacheka, akasema, "Kukataa wali si dini, ni tumbo." Wakacheka wote. Nami nikacheka, Atija. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Akasema, "Tuendelee. Wa Selemani." Nikaandika.

Sikuamua kwamba mwana wa mtu aende badala ya mwanangu. Hakuna wazo kama hilo lililopita kichwani mwangu, na nimelitafuta miaka yote hii. Nilishukuru tu kwamba mazungumzo yameshapita nyumba yangu, na sikutaka kuyarudisha nyuma kwa kusema neno. Ningeongea juu ya kiatu, wangerudi kwenye wali. Ni hayo tu. Kazi yote ya kumpoteza mtu ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Wiki iliyofuata askari walikuja na gari wakamchukua Bakari barazani kwa baba yake, mguu bado umefungwa. Amadi alikuja nyumbani mbio. Mimi nilikuwa napiga lipu ukuta wa jiko. Mama yako alikuwepo, wewe ulikuwa shule.

"Baba, Bakari amechukuliwa! Wanasema jina lake liko kwenye orodha. Orodha gani? Nani aliandika?"

Nikasema, "Ilitoka juu."

Unaona sasa. Maneno yale yale. Si kwako nilipoyasema mara ya kwanza.

Unamkumbuka kaka yako, hakuwa mtu wa hasira, alikuwa mtu wa kueleza. Akasema, "Kama ilitoka juu, basi huko juu wamekosea. Hawamjui. Mimi nitakwenda kuwaambia habari ya mguu wake."

Mama yako akanitazama. "Nenda wewe," akaniambia. Nikasema, "Nitakwenda kesho na barua ya kamati, iwe na muhuri. Mtu haendi mikono mitupu." Nilitaka siku moja ya kufikiri nitaandika nini ndani ya barua hiyo. Asubuhi tulipoamka, Amadi alikuwa ameshaondoka. Alivaa shati lake la shule, lile jeupe lenye alama ya wino mfukoni, waone kwamba ni mwanafunzi. Mama yako aliliona limekosekana kwenye kamba kabla hatujaona kwamba yeye mwenyewe hayupo.

Nilifika mjini siku hiyo hiyo baada ya mchana, na barua, na muhuri. Waliniambia hawamjui mtu wa jina hilo. Nilirudi mara nyingi. Baadaye mtu wa kijiji kingine aliyeachiwa alitupitia, akasema aliwaona vijana wawili chumba kimoja, mmoja ana kidonda mguuni na mwingine anamnywesha maji. Halafu wakapakiwa kwenye lori pamoja na wengine. Zaidi ya hapo hakujua, na mpaka leo hakuna anayejua. Kisha vita vikaja, kijiji kikaungua, na watu wakawa na misiba mingi mno hata yetu ikawa moja tu kati ya nyingi.

Haya yafikirie nami. Ningemwambia Amadi, "Niliandika mimi," angefanya nini? Angenipigia kelele. Labda angeniita majina ambayo mtoto hamwiti baba yake. Labda angehama nyumba, akakaa kwa Selemani akasubiri. Lakini asingekwenda mjini kumweleza mtu kosa ambalo lilikuwa limekaa mbele yake na lipu mikononi. Alikwenda kwa sababu aliniamini. Aliyachukua maneno yangu mawili akaondoka nayo. Na sasa wewe umeyafunga ndani ya sanduku hili, umeyapigia mstari kwa wino mwekundu, unakwenda nayo Maputo kuyasoma mbele za watu.

Ndiyo maana naandika. Sina nguvu ya kumwona mtoto wa pili akitoka mlango huu na uongo ule ule.

Nisikufiche hali yangu ilivyo. Siku zangu zina mambo yake. Mara nyingine natoka msikitini nakuta viatu vyangu vimegeuzwa, vinatazama njia. Sijawahi kuuliza nani. Mara nyingine naandika majina ya hitima ya mtu, mkono unaanza lile la Amadi, nalikata. Kwa sababu hili nalo hulijui: kaka yako hajasomewa. Kwenye orodha ya waliokufa siwezi kumtia, sina kaburi wala habari. Kwenye orodha ya wagonjwa hayumo. Mama yako alitaka asomwe miongoni mwa wasafiri, kila Ijumaa, na nilimsoma, hata tulipokimbilia Pemba wakati wa vita, kabla hatujarudi hapa, nilimsoma, nikiwa nimesimama peke yangu uani kwa yule mama wa Mueda aliyetupokea. Mama yule ni Mkristo, unamkumbuka, alikuwa akinifagilia mahali pa kusalia chini ya ukingo wa paa kila asubuhi kabla sijaamka. Siku moja aliniuliza, "Mzee, unamwombea nani kwa muda mrefu hivyo?" Nikasema, "Msafiri." Akasema, "Atafika." Nikashindwa kuitikia amina, ingawa ni neno lake na langu pia.

Mama yako alipofariki niliacha kumsoma Amadi. Sikuamua. Ijumaa moja nililipita jina lake kimya, na hakukuwa na mtu wa kunitazama.

Mimi si msomi na siwezi kukufundisha kazi yako. Lakini kwenye meza ile watakutazama kana kwamba wewe ni Waislamu wote wa pwani hii, na kila swali wataligeuzia kwako. Usikubali. Wewe ni Atija tu. Usitutetee kwa sababu sisi ni watu wako, wala usituhukumu haraka ili uonekane umesoma. Na ukienda kuuliza watu wa misikiti mingine, au wa makanisa, kuhusu jambo walilofanya pamoja na serikali, watakujibu kama nilivyokujibu. Iliamuliwa. Iliagizwa. Ilitoka juu. Hawatakuwa waongo kabisa, kuna ombi lililotoka juu kweli. Keti nao tu. Kunywa chai yao. Uliza kalamu ilikuwa ya nani, uliza nani alicheka. Mimi ningeulizwa nani alicheka, nadhani ningesema.

Hapa nilikuwa nimemaliza, Atija. Niliikunja barua, nikaitia mfukoni, nikaenda kusali adhuhuri. Lakini msikitini Selemani alisimama pembeni yangu kama kila siku, bega kwa bega, na nikashindwa kusujudu sawasawa. Nikaona siwezi kukuambia wewe kabla yake. Kwa hiyo nimekwenda kwake, na sasa nimerudi, naongeza kurasa hizi.

Alikuwa kwenye cherehani barazani kwake, anashona lile begi la kuweka makaderno yako. Aliponiona tu akaanza.

"Katibu! Umetumwa kuharakisha begi? Mwambie binti yako fundi ni mimi, si yeye. Na akifika Maputo asiseme limenunuliwa dukani."

Nikasema, "Selemani, ile orodha niliandika mimi."

"Orodha gani?"

"Ya Bakari."

Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, kitambaa kikaenda peke yake, kikapinda. Halafu akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Ilitoka juu," akasema. "Wewe mwenyewe uliniambia niliporudi kutoka Mtwara. Ulinishika mkono hapa hapa."

Nikamweleza. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, habari ya Amadi, ya wali na ya kicheko. Alisikiliza bila kunitazama, akifumua uzi uliopinda, mshono mmoja mmoja.

"Kiatu," akasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia akivae."

"Hilo najua. Bakari alinisimulia mwenyewe, alifurahi, alisema Katibu ameniruhusu. Nakuuliza kitu kingine. Umekaa pale, kalamu mkononi, wamekitaja kiatu. Ulisema neno?"

"Sikusema."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaweka kitambaa chini. Nilitegemea atapiga kelele, na nilitaka apige. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mteja kwamba nguo haijawa tayari, "Toka barazani kwangu."

Nikatoka. Nilipofika kona nikasikia cherehani imeanza tena.

Alasiri alikuja msikitini. Alisimama upande wa pili, mbali. Miaka yote tumesali pamoja, sasa pembeni yangu pakawa na nafasi, na hakuna aliyeijaza kwa sababu kila mtu alidhani ni ya Selemani.

Baada ya sala mama Bakari amekuja hapa nyumbani na begi lako. Hakuingia. Amesimama uani, ameliweka juu ya kinu.

"Selemani anasema begi ni la mtoto, mtoto hana kosa," akaniambia. "Na anasema Atija aandike. Aandike Bakari bin Selemani, jina zima, na aandike kiatu na kidonda. Asifiche."

Nikasema, "Nitamwambia." Kisha nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe, shemeji?"

Akasema, "Mimi bado sijasema kitu. Nikiwa tayari utanisikia." Akaondoka.

Basi huo ndio ujumbe wake, nimeufikisha. Profesa wako atasema majina ya watu yafichwe, na ana haki, ni kwa usalama wao. La Bakari umeshaambiwa na wenyewe. Langu nakuambia mimi: liandike, na cheo changu, katibu. Kama kichwa cha kazi yako ni maneno yale mawili, kiache kama unataka, lakini chini yake useme nani aliyasema na kwa nini. Kama profesa hatapenda tena utafiti wako kwa sababu umebadilika, basi. Sidhani.

La Amadi sijui. Nimefikiria siku nzima, sijapata. Siwezi kuamua peke yangu kama ni la kusomwa kati ya waliokufa au la kungojewa. Niliamua peke yangu mambo ya kutosha. Hilo ni letu wawili, na linaweza kusubiri mpaka utakapokuwa tayari kukaa na mimi tena, hata kama ni mwisho wa mwaka, hata kama ni baada ya hapo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute Maputo. Nilishatafuta na mahali, ndani ya ile sweta ya bluu. Ningekuwa mbali, usingeweza kuniuliza kitu, na mimi ningekaa hapa nikijiambia nimesema. Nimejua tabia hiyo, naijua vizuri. Kwa hiyo hapana.

Sauti yako naisikia kule kisimani, umeshuka kwenye chapa, unasalimiana na watu, mtu amekutania kitu unacheka. Nakuletea karatasi hizi mkononi mwako. Utasoma mimi nikiwepo. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kulala kwa shangazi yako leo, na kesho upande gari bila kunipa mkono, nitakubebea sanduku mpaka barabarani na sitakuomba neno. Ukiwa na swali, hata saa hizi, hata lile gumu kuliko yote, nitalijibu kama lilivyo.

Mimi nipo hapa. Siendi popote.

Baba yako